Barua kwa mwanangu: jibu la Monika

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Juzi kwenye simu uliniuliza: kama Mungu si Mungu wa machafuko, mbona wodini kwenu watoto wanakufa huku wadhulumaji wananawiri? Sikutaka kukujibu harakaharaka.

Mababa wa Kanisa, yaani walimu wa imani wa karne za mwanzo, waliliwaza sana jambo la utaratibu. Klementi wa Roma, karibu na mwaka 96, aliwaandikia Wakristo wa Korintho waliowang'oa wazee wa kanisa lao bila kosa, akawaonyesha jua, mwezi na bahari isiyovuka mipaka yake. Ni barua nzuri, lakini inawajibu wanaogombania uongozi. Swali lako limetoka kitandani kwa mgonjwa.

Kwa hiyo nakupeleka kwa Augustino, mmoja wa Mababa hao, kwenye kitabu chake juu ya utaratibu. Mwishoni mwa mwaka 386, kabla hajabatizwa, alikuwa Cassiciacum, karibu na Milano, pamoja na mama yake Monika na vijana aliowafundisha. Usiku mmoja usingizi ulimpaa, akawa anasikiliza maji ya mfereji nyuma ya bafu. Mara yanakuja kwa kishindo, mara yanafifia. Kwa nini? Kijana Licentius, aliyekuwa akigonga ubao kufukuza panya, ndiye aliyepata jibu: majani. Yalikuwa majira ya kupukutika, yakijaa mferejini yanaziba, maji yakizidi yanayasukuma, kisha yanajaa tena.

Kama hata kishindo cha maji kina sababu, je, kila jambo lina utaratibu? Hapo mjadala ukawaka. Licentius akashikilia kwamba hakuna kinachotokea nje ya utaratibu wa Mungu. Akabanwa: basi na uovu ni wa Mungu?

Siku moja Monika akaingia, akauliza wamefikia wapi. Augustino akaagiza swali lake liandikwe. Mama akashangaa, tangu lini wanawake wakaingizwa kwenye mijadala ya namna hiyo? Mwanawe akamwambia hajali watu wenye majivuno watasema nini, na kwamba falsafa ya mama yake inampendeza mno. Nasoma hapo nafurahi, mwanangu, kwa kuwa baadaye ni Monika aliyelisema lile walilokuwa wakilizungukia wasomi wote: uovu haukuzaliwa na utaratibu wa Mungu, ila haki yake haikuuacha uzagae bila utaratibu, iliurudisha mahali unapostahili.

Mimi nasimama na mama huyu. Hajasema kila kifo kimepangwa. Amesema uovu una chanzo kingine, na Mungu hajaupa uwanja utambe. Kwa hiyo akija mtu wodini akamwambia mama aliyefiwa kwamba Mungu ndiye aliyetaka iwe hivyo, usiitikie, hata kama aliyesema ni mkubwa wako. Mpe pole yule mama, kaa naye, na kama dawa ilichelewa kwa uzembe, uandike kwenye taarifa yako. Na hiyo nayo ni kazi ya haki.

Baba yako anakusalimu. Nitumie ratiba yako ya zamu nijue lini nikupigie.

Mama yako