Kiwi si ndege mlemavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme neno kuhusu ukurasa wa watoto wa Jumapili iliyopita. Mwandishi wenu aliwaeleza watoto habari za kiwi, ndege wa Nyuzilandi, akamwita "ndege mlemavu": hana mbawa, haoni, hawezi kuruka, mpole asiyeweza kujitetea. Mjukuu wangu alinisomea kwa sauti huku akimsikitikia. Nilikuwa nakunywa chai, nikaweka kikombe chini.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka mingi kiwi nilimjua kama wengi wetu tulivyomjua, yaani kwenye kifuniko cha kopo la rangi ya viatu. (Rangi yenyewe ilianza Australia mwaka 1906, aliyeitengeneza aliipa jina hilo kwa ajili ya mkewe, mzaliwa wa Nyuzilandi.) Kisha nikaenda kukaa kwa binti yangu Wellington, mji mkuu wa Nyuzilandi. Usiku mmoja akanipeleka Zealandia, hifadhi iliyo mlemle mjini, iliyozungushiwa uzio wa zaidi ya kilomita 8 kuzuia paka, panya na vicheche. Tulipewa tochi za mwanga mwekundu, tukaambiwa tunyamaze.

Nilimsikia kabla sijamwona. Kwanza vishindo kwenye majani makavu, vizito hata nikadhani ni mtu. Halafu sauti kama ya mtu anayepenga kamasi. Akatokea mwenyewe, kimo cha kuku, mgongo wa mviringo, mkia hakuna, anagongagonga ardhi kwa mdomo kama mzee anayetafuta njia kwa mkongojo. Akasimama. Akauzamisha mdomo udongoni mpaka usoni, akauchezesha, akauchomoa na nyungunyungu. Akapenga tena.

Kule kupenga kuna sababu. Ndege wengine wana matundu ya pua huku juu, karibu na uso. Ya kiwi yako kwenye ncha ya mdomo, na kwa hilo hana mwenzake duniani. Ananusa chakula kilicho chini ya ardhi, na ncha hiyohiyo ina vijishimo vinavyohisi mdudu akitikisika. Udongo ukiziba pua, anaupuliza nje. Masharubu yake marefu yanampapasia njia gizani. Manyoya yananing'inia kama nywele, na joto la mwili wake ni kama nyuzi 38, chini ya ndege wengi na karibu na letu. Ukimtazama muda mrefu unaanza kuona mnyama aliyeazima mdomo wa ndege.

Mbawa anazo. Ni fupi, zimefichwa na manyoya, na kila moja ina ukucha nchani. Macho pia anayo, madogo, ila usiku haegemei sana huko. Katika msitu wa Okarito, hukohuko Nyuzilandi, watafiti waliwapima kiwi 160. Karibu theluthi moja walikuwa na kasoro za macho, na wachache walikuwa vipofu kabisa, lakini wanene na wenye afya. Ndege akipofuka na bado akashiba, ulemavu wake uko wapi?

Kinachomtesa ni mwanga. Kiswahili kina kiwi chake, kile cha macho, na sijui kama kuna ndege anayestahili jina hilo kuliko huyu. Mwaka 2023 bustani moja ya wanyama ya Miami, Marekani, ilimtoa kiwi wake, Paora, mchana kwenye taa kali, wageni wakilipia kumpapasa. Video ilipofika Nyuzilandi watu walikuja juu, na bustani ikaomba radhi na kuacha.

Upole, basi. Dume akiita usiku anatoa mluzi mkali; sauti ya jike ni ya kukwaruza, kama mtu mwenye mafua. Wanaitana wakiwa wawili na wakati huohuo wanatangaza mpaka wao. Kiwi mgeni akivuka, anapokewa kwa mateke, na kucha zile si za mchezo. Na huyo jike "mnyonge" hutaga yai ambalo uzito wake unafika kati ya asilimia 15 na 20 ya mwili wake. Mama lishe anayenunua kuku kila siku anielewe: ni sawa na kuku wa kilo moja na nusu kutaga yai la robo kilo. Kwa kiwi wa kahawia wa Kisiwa cha Kaskazini dume ndiye anayeatamia, na hukaa juu ya yai siku 75 au zaidi, wakati kuku wetu anamaliza kwa 21. Kifaranga hulipasua ganda kwa miguu. Halishwi na yeyote. Siku za mwanzo anaishi kwa kiini alichobaki nacho tumboni, kisha anatoka kujitafutia.

Alichokosa ni kidari. Ule mfupa uliochongoka tunaougugunya kwa kuku, ambao misuli ya kuruka hushikamana nao, yeye hana, kwa hiyo mbwa akimbana kifuani kidogo tu anakufa. Mwaka 1987 mbwa mmoja katika msitu wa Waitangi alikadiriwa kuua kiwi 500 kati ya 900 kwa muda wa wiki chache. Mmoja! Vicheche nao wanamaliza vifaranga, na waliletwa na walowezi miaka ya 1880 ili wapunguze sungura, ambao pia waliletwa na walowezi. Msitu aliozoea kiwi haukuwa na mbwa wala kicheche. Hayo ndiyo mwandishi wenu angewaambia watoto.

Kuhusu kuruka, lipo jambo lingewafurahisha zaidi, maana linagusa bahari yetu. Mwaka 2014 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba ndugu wa karibu wa kiwi ni yule ndege-tembo wa Madagaska, jitu lililotoweka lenye mayai makubwa kuliko ya mbuni. Madagaska na Nyuzilandi zilitengana zamani mno kwa ndege hao kuwa walifika kwa miguu, hivyo yaelekea mababu zao waliruka, kisha kila ukoo ukaacha kuruka ukiwa kwake.

Mwisho ni ile picha mliyoandika "kifaranga cha kiwi". Ina michirizi myeusi na myeupe tangu shingoni. Huyo ni kifaranga cha emu, ndege mkubwa asiyeruka wa Australia. Cha kiwi huanguliwa na manyoya kama ya baba yake, na mdomo wake kamili. Tafadhali ibadilisheni, kwa sababu mjukuu wangu ameshaikata na kuibandika ukutani.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tanga