Ruta uliichomoa kwenye umeme, mbona radi imeiunguza?

Mvua zikishakolea hapa Mbeya, kuanzia Novemba hivi, meza yetu ya Mwanjelwa hujaa ruta, vile visanduku vya kuletea intaneti nyumbani. Juzi mama mmoja wa Uyole alituletea ya kwake ameifunga kwenye kanga. "Fundi, wingu lilipotanda tu kule mlimani niliichomoa ukutani mwenyewe. Sasa imeunguaje?"

Tuliifungua mbele yake. Upande wa adapta ulikuwa safi kabisa. Ila pale inapochomekwa laini ya simu palikuwa na doa jeusi kama masizi ya kibatari, na kando yake kidude kidogo kimepasuka katikati. Tukamuuliza, "Mama, na waya wa simu uliuchomoa?" Akatutazama. "Kwani huo nao una umeme?"

Swali lake ndilo lililotufanya tuandike. Waya wa simu ni shaba, na shaba hiyo inatoka mbali, inaruka nguzo hadi nguzo kabla ya kufika sebuleni kwako. Radi si lazima ipige nyumba yako. Ikipiga mti wa jirani au ardhi karibu na nguzo, shaba ile hushtuka kwa umeme mkubwa unaokimbia pande zote mbili za waya ukitafuta njia ya kushuka ardhini. Radi ya kawaida hubeba kama ampea 30,000, na ruta yako imezoea volti 12 za adapta. Hata chembe ya mshtuko huo inaimaliza.

Na njia umeme huo uliipata. Ruta ya mama ilikuwa imeunganishwa kwa kebo na kompyuta ya mwanawe, na kompyuta ilibaki kwenye soketi ya ukutani. Umeme uliingia kwa laini ya simu, ukapita kwenye ruta, ukatokea kwenye kompyuta. Tulipomwambia ailete nayo, tukakuta tundu la kebo la kompyuta limekufa.

Kwa hiyo wingu likitanda, chomoa vyote: adapta, waya wa simu, na kebo ya kompyuta. Fanya mapema. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zisipofika 30, usiguse waya wowote wala simu ya mezani yenye waya. Ziache hapo hapo. Ruta tutakutafutia nyingine.

Wengi hututajia gadi ya friji. Ile hulinda umeme ukipanda au kushuka, na laini ya simu haiigusi kabisa. Kinga inayofaa ina matundu ya umeme na ya laini ya simu pamoja, na inategemea ethi ya nyumba, yaani waya unaoshusha umeme ardhini. Hapa ndipo tunapoumia tukienda majumbani: kinga nzuri imenunuliwa, lakini waya wa ethi umekatika nyuma ya nyumba, au nondo yake imechomekwa juu juu kwenye udongo mkavu. Bila ethi, mshtuko hauna pa kushukia. Tukija kufunga kinga, ethi ndiyo tunayoipima kwanza.

Waliohamia faiba, intaneti inayopita kwenye nyuzi za kioo, wamepona upande wa laini, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Adapta bado waichomoe.

Kuna ruta nyingine haifi yote. Taa ya umeme inawaka, Wi-Fi inaonekana kwenye simu, mtu anadhani kifurushi kimeisha. Tazama taa ya DSL, yaani ya intaneti inayokuja kwa laini ya simu: ikipepesa bila kutulia tangu siku ya radi, huenda upande wa laini umeungua, au kile kichujio kidogo cha ukutani kinachotenganisha sauti ya simu na intaneti, ambacho bei yake ni ndogo sana kuliko ruta. Usinunue ruta mpya kabla hatujakipima. Ukija dukani, njoo na ruta, adapta, waya wa simu na kichujio, vyote.