Barua kwa binti yangu anayekwenda Strasbourg

Mwanangu mpendwa,

Tangu uliponiambia kwamba maabara unayokwenda hushughulika na vitu vinavyotoa mionzi, usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu. Furaha ninayo, na mtaa mzima umeshasikia kutoka kwangu kuwa unakwenda Strasbourg. Lakini ndiko alikofundisha Marguerite Perey, mwanakemia Mfaransa, na habari zake haziniachi.

Mama huyo alitaka kusomea udaktari, ila baba yake alifariki, fedha zikawa haba, akaishia na stashahada ya ufundi wa kemia. Mwaka 1929, akiwa mdogo kuliko wewe, aliajiriwa kwa Marie Curie, yule mtafiti maarufu wa mionzi, huko Paris, akawa anasafisha aktiniamu, elementi inayotoa mionzi. Kazi hiyo ya kurudiarudia, ambayo wewe huikimbia (usikasirike, madaftari yako nimeyaona), ndiyo iliyomfikisha mbali: mwaka 1939 aliona kuwa aktiniamu aliyotoka kuisafisha muda huo huo inaanza kutoa mionzi isiyo yake, akaifuatilia kwa haraka, maana kitu chenyewe nusu yake hutoweka katika dakika 22 hivi. Ilikuwa elementi ya 87, akaiita fransiamu. Uzamivu aliupata mwaka 1946, uprofesa wa Strasbourg mwaka 1949, na mwaka 1962 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, iliyomkataa hata Marie Curie.

Alitumaini fransiamu ingesaidia kugundua saratani mapema. Saratani hiyo hiyo ilimwandama yeye kwa miaka mingi, na mwaka 1975 akafariki.

Kwa hiyo kipima mionzi ukivae kila siku, hata siku unayopita maabara kuchukua kalamu tu. Wakubwa wakikuambia kiwango ni kidogo, omba kwa adabu ukisome mwenyewe. Nilipokuwa nikifundisha, niliwaacha wanafunzi waviringishe zebaki viganjani kwa kuwa iliwafurahisha, nawe ulikuwa miongoni mwao; hadi leo huwa naitazama mikono yako bila kukuambia sababu. Kivae, mwanangu.

Fundi amemaliza paa la jiko, ingawa upande wa tangi bado panavuja. Bibi yako ameleta kanga mbili, nimezikunja chini ya masweta, na kadi ya chanjo iko kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku. Ukikabidhiwa hicho kipima mionzi, nitumie picha kikiwa kifuani pako, si mezani.

Mama yako