YAH: MATOKEO YA MUHULA NA MASOMO YA ZIADA YA JIONI

Ndugu mzazi/mlezi,

Ripoti ya mwanao imeambatana na barua hii. Wengi mnauliza kama masomo ya jioni yanasaidia. Wastani mmoja hauwezi kulijibu swali hilo, basi chukua kalamu tuhesabu pamoja. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu.

Gawa darasa mafungu manne. Wa bweni wasiohudhuria wana wastani wa 50, waliohudhuria 62. Wa kutwa wasiohudhuria wana 44, waliohudhuria 46. Sasa tafuta athari kuu ya masomo, yaani tofauti ya jumla kati ya waliohudhuria na wasiohudhuria: 62 na 46 wastani wake 54, 50 na 44 wastani wake 47, tofauti alama 7. Lakini hizo 7 hakuna fungu lililozipata! Wa bweni wamepishana kwa 12, wa kutwa kwa 2 tu. Pengo hilo la 10 ndilo mwingiliano, yaani faida ya masomo inategemea mtoto analala wapi. Ukichora grafu ya wastani wa wasiohudhuria na waliohudhuria, mstari mmoja wa bweni na mmoja wa kutwa, mistari hiyo miwili ikienda sambamba, mwingiliano haupo. Isipokwenda sambamba, upo, na hapo usiseme "yanasaidia" kabla ya kusema yanamsaidia nani.

Mtego mkubwa zaidi ni idadi. Tuseme waliohudhuria ni 30 wa bweni na 10 wa kutwa, na wasiohudhuria ni 10 wa bweni na 30 wa kutwa. Ukiwachanganya utapata 58 kwa 45.5. Tofauti ni 12.5, kubwa kuliko ya fungu lolote, kwa sababu faida ya bweni imeingia humo humo na kuhesabiwa kuwa ya masomo.

Tena, wanaojitokeza jioni mara nyingi ni wale wenye bidii tangu mwanzo. Ndiyo maana tunapima mtoto amepanda kiasi gani tangu mtihani wa nusu muhula. Fungu la watoto watano halitupi uhakika, na aliyekosa mtihani huachwa wazi, haandikiwi 0. Sifuri mbili tatu za aina hiyo huangusha wastani wa fungu zima.

Kwenye kikao cha wazazi, mwalimu wa darasa atakuwa na jedwali la mafungu manne kwa kila somo. Wazazi wa kutwa, njooni mmeandika mtoto hufika nyumbani saa ngapi siku za masomo ya jioni, na huanza kujisomea saa ngapi. Tutaamua hapo kama vipindi vyao vihamie asubuhi.

Wako katika malezi,
Mkuu wa Shule