Miche 50,000 kwenye hekta 3: barua kwa somo yangu

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa kina mama wote wa kikundi. Barua yako imefika, na habari ya mfadhili nimeisoma mara mbili. Hongereni. Lakini kabla hamjatia sahihi, chukueni kalamu mpige hesabu moja.

Mfadhili anataka miche 50,000 ya mikoko. Nyinyi mna hekta 3 zilizo wazi. Mkipanda kwa nafasi ya mita moja na nusu, hekta moja inachukua miche 4,444, kwa hivyo zote tatu ni kama 13,300. Mkibananisha hadi mita moja kwa mita moja, ni 30,000. Hiyo 20,000 iliyobaki itapandwa wapi? Itapandwa kule inakopandwa kila mradi unapokuwa na miche mingi kuliko ardhi: kwenye tope la nje, mbele ya mikoko yote, ambako maji yakipwa panaonekana peupe na hapana mtu wa kukuuliza. Pale pako wazi kwa sababu mikoko haiwezi kuishi. Mikoko huota kuanzia usawa wa katikati wa bahari kwenda juu, mahali ambapo ukijumlisha saa zote za mwezi, maji yamepafunika chini ya theluthi moja hivi ya muda. Kule nje mche unakaa chini ya maji nusu ya siku au zaidi, hauvuti hewa, na miezi michache baadaye mnahesabu vijiti. Tena mara nyingi pana nyasi za bahari, na samaki wenu wadogo wanakulia humo.

Sri Lanka walilipia somo hili. Baada ya tsunami ya 2004 pesa zilimiminika na kila mtu akapanda. Watafiti waliporudi kuangalia maeneo 23, waliona 9 hayana hata mche mmoja uliobaki hai, na ni 3 tu ambayo zaidi ya nusu ya miche ilikuwa imepona. Sababu kubwa ilikuwa kupanda mahali pasipofaa.

Basi swali la kwanza kwa hekta zenu 3 ni hili: mikoko ya hapo ilikufa kwa nini, na mbona haijarudi yenyewe? Mikoko inadondosha mbegu kila mwaka, na maji yanazisambaza bure. Kama mbegu zinafika na hazishiki, kuna kitu kinazizuia, na kitu hicho kitaiua miche yenu vilevile. Umesema ardhi ya upande wa juu ina ukoko mweupe wa chumvi. Hiyo ni dalili kwamba maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanaingia lakini hayatoki vizuri, au hayafiki tena ila mara chache, jua linayakausha na chumvi inabaki. Tafuteni kilichoziba: barabara, kalvati lililojaa mchanga, tuta la shamba la chumvi. Kama shida ni udongo ulioshuka na mto, hiyo ni habari nyingine. Kwenye hori ya Mwache, pale Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta tope jingi likafukia mizizi ya kupumulia, na miti mikubwa ikafa imesimama.

Kupima usawa hakuhitaji mtaalamu wa gharama. Mwiteni fundi mwashi na mpira wake wa maji, ule wa plastiki unaoona ndani. Tafuteni mikoko yenye afya iliyo karibu, mpime usawa wa tope chini ya kila aina, kisha mlinganishe na sehemu mbalimbali za hekta zenu. Halafu chomekeni vijiti kama ishirini, mvipake chaki kutoka chini hadi juu. Maji yakipwa, chaki iliyofutika itawaonyesha yalifika wapi. Fanyeni hivyo siku ya bamvua na tena siku za maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana. Mkikosa moja ya hizo mbili, mtadanganyika, maana pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni zaidi ya mita tatu, na maji mafu ni kidogo sana.

Mkishajua kilichoziba, nendeni kwa msimamizi wa msitu wa KFS, shirika la misitu la serikali, kabla ya kushika jembe. Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na hata kazi nzuri bila idhini inaweza kuwaletea kesi. Njia ni kupitia jumuiya yenu ya misitu, chini ya sheria ya 2016. Idhini ikipatikana, zibueni mkondo wa zamani wala msichimbe mpya. Anzeni upande wa bahari mkielekea bara, na udongo mnaoutoa msiurundike kandokando ya mkondo, kwa sababu mtakuwa mmejenga tuta jingine. Kisha ngojeni msimu mmoja wa mbegu. Najua hapa ndipo mfadhili atakapokunja uso. Lakini kama miti mama iko karibu, huenda sehemu kubwa ikajijaza yenyewe, na miche inayojiotea huwa na nguvu kuliko ya kitaluni.

Panapobaki wazi ndipo pa kupanda, na pandeni aina inayopaona pake. Kutoka baharini kwenda bara, pwani yetu inaanza na mlilana, unafuata mkoko wenyewe, kisha muia na mkandaa, halafu mchu na kikandaa. Mchu unaweza kuonekana pande zote mbili. Vikundi vingi hupanda mkoko peke yake kwa sababu mbegu yake ni ndefu na rahisi kushika, hata kwenye chumvi kali ambapo ungefaa mchu. Msifanye hivyo.

Mbegu za mkoko na mkandaa chumeni zilizokomaa: pale zinapoungana na tunda pawe na pete ya rangi ya njano, na ukigusa inaachia yenyewe. Ukilazimika kuivuta, iache. Yenye tundu dogo la mdudu itupeni palepale. Ziwekeni kivulini mahali penye unyevu na mzipande ndani ya wiki moja, theluthi yake ikiingia topeni. Ncha iliyokuwa imeshika tunda ndiyo ya juu. Siku ya wageni na kamera, zitakazopandwa kichwa chini hazitakosekana. Mbegu za mchu okoteni chini, mziloweke usiku mmoja zivue ganda, mziatike kwenye mifuko. Mlilana ni kazi zaidi: tunda hulowekwa majini mpaka lilainike, mbegu ndogondogo zinaoshwa na kusiwa kitaluni. Kitalu kiwe mahali maji ya bamvua yanafika na ya maji mafu hayafiki, chini ya makuti yanayopitisha mwanga nusu, na makuti hayo yapunguzwe kidogokidogo katika mwezi wa mwisho.

Baada ya kupanda, maadui ni wengi. Kaa hukata miche michanga, na dawa yake ni kuanika mbegu kivulini siku chache zinyauke kidogo, zisiwavutie. Mwani hujizungusha kwenye mche na kuulaza, inabidi uondolewe kwa mkono. Vile vigamba vinavyoganda chini ya mashua hujaza shina zima. Mkiviona vingi, jueni hapo ni chini mno, usawa haukufaa. Mbuzi hupenda mchu kupita kiasi. Nyayo za wavuvi nazo: msipande kwenye njia yao, waulizeni kwanza wanapita wapi.

Sasa mkataba. Mwambieni mfadhili lengo ni hekta 3 zenye maji yanayopita na mikoko iliyo hai mwaka wa tatu, wala si idadi ya miche. Pesa zigawanywe: kupima na kuzibua, kisha kupanda, kisha kuhesabu kwa miaka mitatu. Wengi husahau fungu hili la mwisho kabisa. Wekeni viwanja vya kudumu vya mita 10 kwa 10, mhesabu miche mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, halafu kila mwaka, mkiandika iliyo hai, iliyokufa na sababu. Lakini msikubali kulipwa kwa kila mche ulio hai. Hapo mtu atachomeka mche mpya usiku wa kuamkia hesabu, na daftari lenu halitafaa kitu. Mlipwe kwa kuhesabu kwa ukweli, hata ukweli ukiwa mbaya.

Akisema bila miche mingi hana la kuonyesha, mpeni mfano wa Gazi, kule Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya ukaa, yaani unalipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko inaivuta na kuihifadhi, tangu miaka ya mwanzo ya 2010, na pesa zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Katika hekta zake 117, kama 107 ni msitu wa asili uliolindwa na 10 tu ndizo za kupandwa. Tena wamepanda mivinje bara ili watu wapate kuni na nguzo bila kuingia mikokoni. Nyinyi mmesema jikoni bado mnategemea kuni za mkandaa, kwa hivyo fungu la mivinje liingie kwenye bajeti hata kama mfadhili hakuliomba.

Nitumie vipimo vya vijiti mara tu bamvua ijayo ikipita, pamoja na picha ya kalvati, kama ndilo lililoziba, kutoka pande zote mbili. Nisalimie shemeji na wazee wote hapo.

Wako,
Somo yako

Nyongeza: mifuko ya kitalu iandikwe kwenye bajeti mara mbili, kuinunua na kuikusanya. Kila mfuko uvuliwe kabla mche haujaingia shimoni, na mmoja wenu asimame na gunia kazi hiyo ikiendelea, maana bamvua la kwanza litaibeba yote.