Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Likoni, Kivuko na Njia Zake

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Assalaam alaikum, na kwa wenzetu wengine, Bwana asifiwe.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nitatumia nafasi yangu kwa jambo lililokula muda wa kamati kuliko mengine yote mwaka huu, nalo ni mpango wa usafiri wa hapa kwetu Likoni, hasa eneo la feri inayotuvusha kwenda kisiwani Mombasa na njia zinazoteremka hadi majini.

Msimamo wa kamati ni kwamba Likoni imepangwa kwa miaka mingi kama mahali pa kupitishia magari, ilhali wavukaji wengi ni watu wa miguu. Takwimu ambayo imezoeleka kutajwa ni watu zaidi ya laki tatu na magari kama elfu sita kwa siku. Gawanyeni wenyewe muone. Kisha nendeni pale feri saa kumi na mbili asubuhi muangalie ni nani aliyepewa eneo kubwa la lami, na ni nani anayebanwa kando ya ukuta na mtoto mgongoni. Tunataka mpango uanze na huyo aliyebanwa.

Tunalisema hili sasa kwa sababu hali imebadilika. Barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini hadi Kibundani kwa urefu wa kilomita 17.5, ilianza kutumika kwa sehemu mwaka 2018, na sehemu ya mwisho yenye madaraja ya Mwache na Mteza ikaanza kupitisha magari mwaka 2024. Kabla ya hapo, lori la Lunga Lunga, basi la Tanga na gari la mtalii wa Diani yote yalikuwa yakipita mlangoni kwetu na kupanga foleni ya feri. Leo mwenye gari anayetoka Nairobi kwenda Ukunda hana haja ya kuingia kisiwani. Basi ile ardhi iliyokuwa ya foleni ya magari makubwa itafanywa nini? Asipotokea mtu wa kuiombea matumizi, itajazwa na chochote kitakachofika kwanza. Kamati imeamua kwamba waombaji wa kwanza tuwe sisi.

Tulichokiomba kwa maandishi si kikubwa. Tumeomba njia ya waendao kwa miguu yenye paa tangu steji ya matatu hadi kwenye ukumbi wa kusubiria, pana kiasi cha wanaoshuka na wanaopanda kupishana bila kusukumana. Tumeomba bodaboda na tuktuk wawe na eneo lao kabla ya mteremko, ili wasiingie katikati ya watu feri inapofungua mlango. Mikokoteni ya maji, ya samaki na ya mboga iwe na mstari wake, kwa kuwa hao nao ni wafanyakazi na mizigo yao ndiyo inayolisha soko. Taa ziwake usiku kucha, mitaro izibuliwe kabla ya mvua za masika, na pawe na vyoo vinavyofungwa kwa ndani. Kina mama wa kikundi cha wauza samaki ndio waliosisitiza vyoo, na kamati ikakubaliana nao mara moja. Anayefika gatini alfajiri kusubiri mzigo hukaa pale saa nyingi.

Kuna waliotuuliza kwa nini tujisumbue na paa na mitaro wakati daraja kubwa linakuja. Swali hili limerudi katika kila kikao cha mtaa, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Daraja linalozungumziwa ni lile la Mombasa Gate Bridge, la kuunganisha Likoni na kisiwa, ambalo Serikali imekuwa ikilitayarisha kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA. Chama hakilipingi. Wagonjwa wetu wanaopewa rufaa huvushwa kwenda hospitali kuu ya Pwani iliyoko kisiwani, na kila familia humu inajua maana ya kuwa na mgonjwa ndani ya gari huku feri ikiwa ng'ambo. Daraja litaokoa roho. Lakini fikirini mahali litakapopita. Meli zote zinazoingia bandari ya Kilindini hupita kwenye mkondo huu, na nyingine ni ndefu na zimepakiwa makontena hadi juu. Daraja litakaloruhusu meli hizo zipite chini yake sharti liinuliwe sana, na likiinuliwa, sharti lianzie mbali bara na kushukia mbali kisiwani. Kwa gari ni dakika chache. Kwa mama mwenye beseni la samaki kichwani, huo ni mlima. Atakayekwenda kazini kwa miguu ataendelea kuitegemea feri hata daraja likisimama, na ndiyo maana kamati haikubali kusubiri.

Tena hili si jambo la kubuni, maana tumekwisha kulionja. Wakati wa korona ilionekana kuwa msongamano wa feri ni hatari kwa afya, ndipo likajengwa lile daraja la kuelea la waendao kwa miguu kati ya Ras Bofu, upande wetu, na Liwatoni, upande wa kisiwani. Lilifunguliwa kwa umma mwanzoni mwa mwaka 2021, lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 800, na gharama yake ilitangazwa kuwa shilingi bilioni 1.9. Kipande cha katikati kilikuwa kikifunguliwa ili meli ipite, kwa hiyo watu walivuka kwa saa maalumu, asubuhi na jioni. Kazi ya kihandisi ilikuwa nzuri, na waliolijenga kwa muda mfupi kiasi kile wanastahili sifa. Ila mtu aliyeshukia Liwatoni alikuwa bado na safari nyingine ya kutafuta matatu, na wa huku alilazimika kwanza afike Ras Bofu. Mipango ya daraja na mipango ya matatu haikukaa meza moja. Wavukaji wengi wakapiga hesabu ya miguu yao na kubaki na feri. Kamati ilitumia kikao kizima kulizungumzia daraja hilo, na tulilolishika ni kwamba kivuko huanzia mtu anaposhuka matatu na kuishia anapopanda nyingine. Ukikijenga kipande cha katikati peke yake, umejenga nusu.

Mtongwe nayo tumeisemea. Ndugu zetu wa wadi ya Mtongwe hawana sababu ya kuja hadi Likoni ili kwenda kisiwani, ikiwa gati lao lipo. Kivuko chao kilizinduliwa upya Machi 2017, kisha kikasimama tena. Tumeandika barua kwa ofisi husika kuomba tuelezwe sababu na ratiba ya kukirejesha. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili tuliipeleka chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayotaka ombi lishughulikiwe ndani ya siku 21, na safari hii tuliitwa na kusikilizwa, ingawa ratiba yenyewe hatujapewa. Tutaendelea kuidai.

Nikiitaja Mtongwe siwezi kupita kimya juu ya tarehe 29 Aprili 1994. Feri iliyozidisha abiria ilipinduka asubuhi, karibu kabisa na gati, watu wakielekea kazini, na waliokufa walikuwa 272. Katika ukumbi huu wamo waliozika siku ile. Mwezi Septemba 2019 tukapata msiba mwingine hapa Likoni, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri na mama na binti yake wakazama, na ikachukua karibu majuma mawili kuwatoa. Nayataja haya kwa sababu kuna wanaodhani kuomba vyombo vya kutosha, nafasi ya kusubiria na kikomo cha abiria kinachofuatwa ni kutafuta starehe. Abiria hujazana chomboni kwa sababu anajua kingine kitachelewa na tajiri wake hatamngoja. Chombo cha pili kikiwa karibu, na pa kusubiria pakiwa na kivuli, hakuna wa kukimbilia mlango unaofungwa. Usalama wa majini hutayarishwa nchi kavu.

Upande wa sheria, kamati imesoma na ingependa kila mwanachama ajue. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaziweka feri na bandari ndogo miongoni mwa kazi za kaunti, ukiondoa usimamizi wa meli za kitaifa na za kimataifa. Pamoja na hayo, feri yetu inaendeshwa na taasisi ya taifa, zamani Kenya Ferry Services na sasa Halmashauri ya Bandari. Barabara kuu inayotoka feri ni ya taifa. Taa za mtaa, maegesho na barabara za ndani ni za kaunti. Matokeo yake ni kwamba kutoka steji hadi majini, mwendo wa dakika chache, mwananchi anapita kwenye mamlaka tatu, na kila mamlaka inaona shimo liko kwa mwenzake. Hatuna haja ya kugombana na yeyote. Tunachotaka ni kikao kimoja cha wote hao hapahapa Likoni, wakitembea na sisi kutoka steji hadi rampu, ili kila mmoja ataje kipande chake mbele ya wengine. Ombi hilo limepokewa vizuri na maofisa kadhaa, na kamati inawashukuru. Tarehe bado.

Suala la ardhi ni zito na litahitaji mkutano wake. Sote tunaijua historia yetu, ya watu kuwa na nyumba juu ya ardhi isiyo yao kwa hati. Katika shamba la Waitiki hapa Likoni, ekari 930, hati zilianza kutolewa Januari 2016 baada ya miaka mingi ya mvutano, na watu walikuwa wamekwisha kujenga walivyoweza. Vichochoro vilibaki vile vilivyobaki. Gari la zimamoto haliingii kila mahali, na mjamzito hubebwa hadi barabarani. Kamati inapendekeza kila mtaa uchore wenyewe njia zake zinazotumika, kabla mtu hajaziba moja kwa ukuta, na michoro hiyo ipelekwe kwa wapimaji wa kaunti. Vijana wetu wamekwisha kuanza Timbwani, na kazi yao mtaiona ukutani hapo nyuma. Ni nzuri sana, naomba mkaitazame.

Kwa wenye nyumba katika maeneo yanayotajwa kwa ajili ya daraja, nawaomba msiuze kwa hofu. Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka fidia ya haki ilipwe bila kuchelewa ardhi inapochukuliwa kwa manufaa ya umma, na kifungu hichohicho kinaacha mlango wa fidia kwa anayeishi kwa nia njema bila hati. Wapo madalali wanaopita nyumba hadi nyumba wakisema asiye na hati hapati kitu. Msitie sahihi karatasi yoyote kabla ya kuileta kwa katibu isomwe.

Nadhani mmeona ng'ambo ya pili jinsi bustani ya Mama Ngina ilivyotengenezwa upya na kufunguliwa Oktoba 2019. Jioni familia hukaa pale zikitazama meli na bahari ileile tunayoitazama sisi. Watu wa Likoni nao huvuka kwenda kupumzika huko, na ni haki yao. Kwa maoni yangu, wilaya yenye watu 250,358 kwa sensa ya 2019 inastahili kuwa na kipande chake cha ufuo ambapo mtoto anaweza kukaa bila kukanyagwa na tuktuk. Hili halimo katika barua zetu za mwaka huu. Ningependa liwemo katika za mwaka ujao, mkiridhia.

Sasa yaliyo mbele. Kisheria, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo umma huitwa kutoa maoni. Mara nyingi sisi hufika tukiwa wachache, tena na malalamiko ya mdomo. Safari hii kila wadi kati ya zetu tano, yaani Mtongwe, Shika Adabu, Bofu, Likoni na Timbwani, ichague wasemaji wawili, mmoja wao awe mwanamke, na kila msemaji aje na karatasi yenye jambo moja, mahali pake na picha yake. Kamati itazikusanya ziwe andiko moja.

Tutawahesabu pia wavukaji wenyewe pale feri, na fomu za kuhesabia ziko mezani kwa katibu. Wanaoweza kusaidia asubuhi waandikishe majina leo kabla ya kuondoka, na waseme kama watakaa upande wa steji au upande wa rampu. Wanafunzi wasipangwe siku za shule. Baada ya mweka hazina kusoma hesabu tutachagua wasemaji wa wadi, tukianza na Mtongwe, kwa kuwa wao wana matatu ya kuwahi.