Mwanangu, tuma maombi kazi ikiwa bado haijakamilika

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia. Eti mwaka huu hutatuma maombi ya ile warsha ya wanafunzi wa uzamivu kwenye CHI, ule mkutano wa watafiti wa namna watu wanavyotumia kompyuta na simu, unangoja mwakani kazi ikishakaa sawa. Sikukujibu palepale kwa kuwa sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira. Sasa nakuandikia, na hasira hazijaisha zote.

Mwakani utakuwa unamalizia tasnifu. Utawapelekea nini? Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza kwamba warsha ile ni ya mtu ambaye swali lake la utafiti ameshalipata na kazi ameshaianza, ila bado ana muda wa kugeuza njia akishauriwa. Anayekwenda mapema mno hana cha kujadiliwa. Anayekwenda amechelewa hupewa ushauri mzuri asioweza kuufanyia kitu. Wewe leo uko katikati hapo. Mwakani hutakuwapo tena, hata kazi yako ing'ae namna gani.

Najua kinachokuuma. Utafiti wako wa kwanza na wa pili haviafikiani. Kwenye mahojiano wale wazee walikwambia wanataka simu iwasomee kwa sauti saa zao za dawa, kwa kuwa maandishi madogo hawayaoni. Ukawaachia simu majumbani mwao, ukarudi ukakuta wengi wameizima sauti ileile waliyoiomba. Ukaandika kwamba data zako zimeharibika.

Hazijaharibika, mwanangu. Mimi nina dawa zangu na simu inanikumbusha, na wageni wakiwapo naizima sauti. Naipenda, inanisaidia. Lakini sitaki mgeni asikie jina la dawa, maana akishalijua jina ameujua na ugonjwa. Ungenihoji, ningekujibu kama walivyokujibu wao, kwamba sauti ni nzuri, na nisingekuwa nimekudanganya. Mtu akikaa na mtafiti anafikiria macho yake. Akikaa sebuleni na watu anafikiria heshima yake. Huyo ni mtu mmoja, na simu ni ileile. Wewe umeliona jambo hilo kwa kazi ya mikono yako, halafu unataka kulificha mpaka upate majibu yanayolingana! Wazee walishasema, mficha uchi hazai.

Hebu fikiria maswali unayoweza kuliwekea jopo la washauri wa warsha. Uwarudie wazee walewale au utafute wengine? Uwahoji pia wanaoishi nao? Simu itetemeke badala ya kusema, au iseme maneno ambayo mwenyewe tu ndiye anayeyaelewa? Na utajuaje kwamba ni aibu iliyowafanya wazime, wala si kelele, wala si kuchoka kuamrishwa na mashine? Mimi nimekupa sababu yangu, lakini mimi ni mtu mmoja tena ni mama yako, usije ukaniandika kama ushahidi. Msimamizi wako ana njia yake ya kuliangalia jambo hili, na ndiyo uliyoizoea. Mle utakutana na watu wa vyuo vingine, mmoja ametokea kwenye saikolojia, mwingine kwenye usanifu, mwingine kwenye kompyuta tupu. Wakuulize wao, sasa, wakati utafiti wa tatu bado uko kwenye karatasi na kuubadilisha hakukugharimu kitu.

Unasema mkutano wenyewe ni mkubwa na unakutisha. Ni kweli umekua tangu ule wa kwanza wa mwaka 1982 kule Gaithersburg, Marekani. Lakini warsha ya wanafunzi si ukumbi wa maelfu ya watu. Ni kikundi kidogo, na kila mmoja anaeleza kazi yake kisha wenzake na washauri wanaijadili. Wote waliomo wana kazi isiyokamilika. Hakuna hata mmoja atakayekushangaa.

Yule Ivan Sutherland unayempenda, aliyetengeneza programu ya Sketchpad ili mtu achore moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga, ile ilikuwa tasnifu ya uzamivu, chuo cha MIT kule Marekani, mwaka 1963. Msimamizi wake alikuwa Claude Shannon, yule mwasisi wa nadharia ya habari. Kipaji chake chote kile, bado alikuwa na mtu wa kumuuliza maswali. Wewe unataka kujifungia peke yako mpaka pasiwe na swali!

Na kuna hili, nitalisema mara moja. Mwenzako mliyeanza naye masomo ulikaa naye usiku ukamsaidia kuandika maombi yake, ukamwambia asingoje. Akakubaliwa, na ulifurahi kweli, nilikusikia kwenye simu. Kwa nini ushauri unaofaa kwa mtoto wa mwenzangu usifae kwa mtoto wangu?

Nilisoma ule muhtasari wako wa kurasa chache. Kuna mahali sikuelewa, lakini palipowahusu wazee nimepaelewa pote, na nilijivuna hata nikamsomea baba yako kwa sauti. Ila unachelewa kufika kwenye jambo. Unaanza na historia ndefu ya simu na idadi ya wazee duniani, na swali lako mtu analikuta ukurasa wa pili. Lipandishe juu. Sema unauliza nini, kwa nini wenzako waliotangulia hawajalijibu, umefanya nini, umeona nini, umekwama wapi. Hapo pa kukwama usipapite kwa sentensi moja ya adabu. Paandike vizuri kuliko pengine pote, kwa sababu anayesoma anataka kujua kama warsha itakusaidia, na hawezi kujua ikiwa umemwonyesha kwamba kila kitu ni shwari. Na wakikuuliza unatarajia kupata nini, usijibu kwamba utapata uzoefu na kujuana na watu. Kila mtu ataandika hivyo. Andika yale maswali ya juu.

Barua ya msimamizi iombe leo. Si kesho. Mwenye wanafunzi wengi hukumbuka barua siku ya mwisho, na inayoandikwa siku ya mwisho huwa ni ya sifa tupu: mwanafunzi huyu ana bidii, ana nidhamu. Hiyo haikusaidii. Anatakiwa aseme umefika wapi, unatarajia kumaliza lini, na kwa nini wakati huu ndio unaokufaa. Mpelekee muhtasari pamoja na mambo machache ambayo ungependa ayataje. Hilo si kumfundisha kazi, ni kumpunguzia. Wasifu wako najua uko tayari, uliurekebisha ulipoomba ile nafasi ya kufundisha.

Ukikataliwa utaumia, na mimi nitaumia pamoja nawe. Nafasi ni chache na wanaoomba ni wengi, wanakataliwa hata wenye kazi nzuri. Lakini karatasi utakuwa nayo mkononi. Ipo mikutano mingine ya fani yako: CSCW wana warsha yao ya wanafunzi, INTERACT vilevile, na UIST nao. Utaigeuza kidogo uipeleke huko. Usipoiandika hutakuwa na cha kupeleka popote, na utafiti wa tatu utaufanya kwa kubahatisha.

Habari ya nauli isikuzuie kuandika. Kuna ile ruzuku ya safari ya SIGCHI, chama chenye mkutano huo wa CHI, yenye jina la marehemu Gary Marsden, profesa wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Maombi yake hufanywa peke yake na yana siku yake ya mwisho, kwa hiyo usidhani ukikubaliwa kwenye warsha na nauli imekuja. Iandike tarehe hiyo mahali unapoiona kila siku. Viza nayo, ukipata tu barua ya mwaliko anza siku hiyohiyo.

Huku nyumbani hatujambo. Paa la chumba cha nyuma lilianza kuvuja, fundi amekuja na ameahidi kurudi. Vitabu vyako nimevihamisha vyote, havijalowa, ila yale makaratasi ya shahada ya kwanza niambie kama bado unayataka maana yamejaza kabati. Mdogo wako ana mitihani na anadai hawezi kusoma bila muziki masikioni. Ongea naye wewe, mimi hanisikii. Baba yako amepata miwani mipya. Ameshaanza kulalamika kwamba ile ya zamani ilikuwa bora, na haivai anapopokea wageni, kwa hiyo huyo mhoji mwenyewe ukija.

Pasipoti yako iangalie inaisha lini. Nchi nyingi hutaka iwe na miezi sita zaidi ya safari, na ukianza kuifanyia kazi baada ya kukubaliwa utakimbizana na kila ofisi. Cheti cha kuzaliwa ninacho mimi, kipo kwenye bahasha pamoja na vya wenzako. Sema kama unataka nakala, baba yako atakutumia.

Nijibu kwanza kuhusu barua ya msimamizi, kama umeshaiomba. Hayo mengine yanaweza kungoja.

Mama yako